RTX 3060 ya GB 12 au RTX 4060 ya GB 8: ipi inafaa kazi ya kurenda?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi nipo Mwanza, nawatengenezea wateja picha za nyumba zao kwa Blender, programu ya michoro ya pande tatu, kabla hazijajengwa. Kadi yangu ya grafiki ni GTX 1050 Ti ya GB 4. Picha kubwa za nje inazikataa kabisa, kwa hiyo nalazimika kurenda, yaani kuugeuza mchoro kuwa picha kamili, kwa prosesa usiku kucha. Nikirenda hivyo ile picha yenye uwanja na miti, Blender inaniandikia Peak, yaani kilele cha kumbukumbu iliyotumika, ya takriban MB 9,400. Kuna mfanyabiashara Kariakoo ana RTX 3060 ya GB 12 iliyotumika na RTX 4060 ya GB 8 iliyo mpya, na bei zake zinakaribiana. Rafiki mmoja ananiambia 12 ni zaidi ya 8, basi hiyo ndiyo yenye kasi. Mwingine anasema kadi ni namba yake, na 4060 ni mbele ya 3060. Kompyuta yangu ni ile ya kusimama, ilitoka Ulaya ikiwa imetumika, Core i7 ya kizazi cha 8, RAM GB 32, pawasaplai ya wati 290. Jioni nacheza gemu kidogo. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, kijana wangu, na asante kwa kuleta swali lenye vipimo. Ile namba ya MB 9,400 uliyoinakili imenipa jibu ambalo majina ya kadi peke yake yasingenipa. Chukua RTX 3060 ya GB 12, mradi ipite ukaguzi nitakaoueleza, na mradi pawasaplai ibadilishwe kabla hujaichomeka. Hata hivyo, naomba usiichukue kwa hoja ya rafiki yako wa kwanza, kwa maana hoja hiyo si ya kweli na itakupoteza siku utakapokwenda kununua kadi nyingine. Kati ya hizi mbili yenye kasi ni RTX 4060. Nakushauri uchukue iliyo taratibu zaidi, na una haki ya kuelezwa kwa nini.

Tuanze na kasi yenyewe. RTX 3060 ilitoka Februari 2021 ikiwa na viini 3,584 vya hesabu. RTX 4060 ilitoka Juni 2023 ikiwa na viini 3,072. Anayehesabu viini tu atasema kwamba ya zamani imeizidi mpya. Lakini kiini hufanya kazi kwa mapigo, na mapigo ya kadi hizi hayalingani: 3060 hufika takriban gigahezi 1.78, ilhali 4060 hufika takriban gigahezi 2.46, kwa sababu chipu yake ilitengenezwa na TSMC kwa teknolojia iliyo ndogo kuliko ile ya nanomita 8 ya Samsung iliyotumika kwenye 3060. Ukizidisha viini kwa mapigo, na kila pigo ukalihesabia operesheni mbili, unapata operesheni trilioni 12.7 kwa sekunde kwa 3060 na trilioni 15.1 kwa 4060, yaani ziada ya karibu asilimia 19. Kwa kazi yako kuna jambo la pili linaloongeza pengo hilo. Vile viini maalumu vya kufuatilia miale ya mwanga, ambavyo Blender huvitumia unapochagua OptiX (njia ya kurenda kwa kutumia viini hivyo), ni vya kizazi cha pili ndani ya 3060 na cha tatu ndani ya 4060. Ya kwanza ina 28 na ya pili ina 24, lakini vile vya kizazi kipya vinamaliza kazi kubwa zaidi kwa muda uleule. Ndiyo maana picha inayoenea vizuri ndani ya kadi zote mbili humalizika mapema kwenye 4060, na tofauti yake utaiona bila kushika saa.

Utasikia pia wakitaja upana wa njia ya kumbukumbu, na hapo watu wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa namba zinaelekea upande wa pili. 3060 ina njia ya biti 192 na hupitisha GB 360 kwa sekunde. 4060 ina biti 128 na hupitisha GB 272 tu. Ungetarajia kadi mpya ishindwe hapo, na kwa kawaida haishindwi, kwa sababu ya kache, ile kumbukumbu ndogo iliyo ndani ya chipu yenyewe. Fikiria nyumba mbili zinazochota maji. Ya kwanza ina njia pana ya kwenda kisimani lakini jikoni kuna mtungi mdogo, kwa hiyo mtu hatoki njiani. Ya pili ina njia nyembamba, lakini mtungi wake ni mkubwa kiasi kwamba safari za kisimani zimepungua sana. Mtungi wa 3060, yaani kache yake ya ngazi ya pili, ni MB 3, na wa 4060 ni MB 24. Mradi yale yanayohitajika mara kwa mara yamo mtungini, wembamba wa njia hausumbui sana.

Mpaka hapa rafiki yako wa pili ndiye aliye karibu na ukweli. Sasa tuje kwenye ile MB 9,400.

Ukubwa wa kumbukumbu ya kadi hauongezi kasi hata kidogo wakati kazi inaenea ndani yake. Picha inayotumia GB 5 haitakimbia zaidi kwenye kadi ya GB 12 kuliko kwenye ya GB 8. Nafasi iliyobaki inakaa tupu, haifanyi lolote. Lakini kazi ikishapita ukubwa huo, hakuna kiini wala mpigo unaoweza kukuokoa.

Chukua mfano mmoja na tuuhesabu pamoja. Unayo picha ya matofali ya kubandika ukutani, ukubwa wake ni pikseli 4096 kwa 4096, na ukiiangalia kwenye folda ni faili la JPG la MB 10 hivi. Watu wengi hudhani kwamba itachukua MB 10 ndani ya kadi. Kadi haiwezi kuitumia ikiwa imekunjwa namna ile. Blender huikunjua kwanza, kila pikseli ikachukua baiti 4, na 4096 mara 4096 mara 4 ni MB 64. Ukuta mmoja unaoonekana vizuri hauishii kwenye rangi. Una picha ya rangi, ya mabonde na vilima vidogo vya uso, ya mng'ao, pengine na ya kina. Hata kama baadhi ni za kijivu na zinachukua nafasi ndogo zaidi, nyenzo moja inaweza kukaribia MB 200. Ongeza vigae, mbao, saruji, lami, gome la mti, majani, nyasi, vitambaa vya pazia. Ile picha ya anga inayozunguka nyumba nzima na kutoa mwanga, ikiwa ni ya pikseli 8192 kwa 4096 na imehifadhiwa kwa usahihi kamili wa HDR, peke yake inaweza kuchukua MB 512. Na hapo bado hatujaweka maumbo yenyewe, yale mamilioni ya pembetatu za majani, pamoja na mpangilio ambao OptiX huujenga ili mwale wa mwanga ujue ni pembetatu ipi utakayoigonga.

Katika GB 8 za 4060, tena, huzipati zote. Windows huchukua sehemu, skrini huchukua sehemu, dirisha la Blender lenyewe huchukua sehemu, na kile chombo cha kusafisha chembechembe mwishoni mwa kurenda nacho hudai nafasi yake. Kwa hiyo kazi yako ya MB 9,400 haienei, na haihitaji mjadala. Kipimo cha Peak unachokisoma ukirenda kwa prosesa hakilingani sawasawa na kile cha kadi, lakini kwa tofauti kubwa namna hii kinatosha kuamulia.

Ikizidi, moja kati ya mambo mawili hutokea. La kwanza unalijua: Blender hukata kazi na kuandika kwamba kumbukumbu imekwisha. La pili linadanganya zaidi, maana kazi inaendelea: Blender huweka sehemu ya data kwenye RAM ya kompyuta, na kadi ikaifuata huko kupitia ile nafasi ilipochomekwa kwenye ubao mama. Hapo ndipo umri wa kompyuta yako unapoingia. Prosesa yako ya kizazi cha 8 inatumia PCIe, yaani njia ya data ya nafasi hiyo, ya toleo la 3, na RTX 4060 imeundwa kutumia mikondo 8 tu, si 16 kama mwenzake. Mikondo 8 ya toleo la 3 hupitisha kama GB 8 kwa sekunde. Linganisha na zile GB 272 za ndani ya kadi: data iliyofurika nje inafuatwa kwa njia iliyo nyembamba zaidi ya mara 30. RTX 3060 ingetumia mikondo yote 16 na kupata kama GB 16 kwa sekunde kwenye ubao huohuo, ingawa kwa kazi yako isingehitaji kutoka nje kabisa. Udhaifu wa 4060 kwenye kompyuta ya zamani unajitokeza wakati uleule ambapo kumbukumbu yake imejaa. Mambo haya mawili hupimwa pamoja, na mara nyingi watu huyataja mbalimbali kana kwamba hayajuani.

Sababu hiyohiyo inanifanya nikutahadharishe na majaribio ya kulinganisha kadi. Blender wana programu yao ya bure ya kupima, inayorenda michoro mitatu inayoitwa monster, junkshop na classroom, na ni kipimo kizuri ambacho mimi mwenyewe nakiamini. Ukimwomba mfanyabiashara wako aiendeshe, 4060 itaishinda 3060, na matokeo hayo yatakuwa ya kweli. Lakini michoro hiyo yote mitatu inaenea ndani ya GB 8. Inapima mwendo wa kadi yenye nafasi ya kutosha, na shida yako wewe ni nafasi. Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni faili lako mwenyewe. Liweke kwenye flashi pamoja na picha zake zote, nenda nalo dukani, lirende kwa kadi zote mbili kwenye kompyuta moja, na wakati linarenda fungua Task Manager kwenye ukurasa wa GPU utazame kumbukumbu ya kadi imefika wapi. Kama huwezi kusafiri, mtumie ndugu unayemwamini aliye Dar es Salaam.

Kabla hujatoa fedha, kuna jambo moja la kufanya usiku wa leo, kwa sababu linaweza kulibadilisha jibu langu. Angalia jinsi ulivyoizidisha ile miti uwanjani. Ukiunakili mwembe kwa Shift na D, Blender hutengeneza umbo jipya kamili kila mara. Miembe 30 ni maumbo 30 ndani ya kumbukumbu. Ukiunakili kwa Alt na D, miembe yote 30 inatumia umbo moja, na kinachoongezeka ni mahali ulipoiweka tu. Pili, ndani ya sehemu ya Simplify kuna kikomo cha ukubwa wa picha za kufunikia maumbo. Picha ya pikseli 4096 ukiishusha hadi 2048, MB 64 zinakuwa 16. Gome la mti ulio mita 40 kutoka kwenye kamera halihitaji pikseli 4096, na mteja hatalitambua. Nimeona faili za vijana wenye kipaji kikubwa zikishuka hadi nusu kwa hatua hizi mbili tu. Ikiwa baada ya hapo Peak yako itashuka chini ya GB 6, nitakuwa radhi kabisa uchukue 4060, nawe utarenda haraka zaidi na kununua kadi ambayo haijapita mikononi mwa mtu. Ikibaki juu ya GB 7, baki na 3060. Maoni yangu ni kwamba itabaki juu, au itarudi juu ndani ya mwaka, kwa maana mteja akishaona uwanja wenye nyasi hakubali nyumba isiyo na nyasi tena.

Kuhusu gemu nitasema machache. Kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, 4060 iko mbele. NVIDIA wenyewe walipoitoa waliitangaza kuwa na kasi zaidi ya 3060 kwa kiasi cha asilimia 20 pasipo kutengeneza fremu za katikati. Hilo la fremu za katikati ndilo linalofanya michoro ya matangazo ionekane kama muujiza: 4060 inaweza kubuni fremu na kuipachika kati ya mbili halisi, jambo ambalo 3060 haiwezi kulifanya kwa teknolojia hiyo ya NVIDIA. Picha huwa laini zaidi machoni, lakini mkono wako hausikilizwi mapema zaidi, kwa sababu gemu yenyewe haijakimbia. Kwenye Blender halikusaidii chochote. Kwa mtu anayecheza kidogo jioni, 3060 inatosha na kubaki. Kama ungeniambia gemu ndiyo kazi kuu na Blender ni ya kujifunza, ningekuandikia jibu la kinyume katika mstari wa kwanza.

Umeme nao una neno lake. 3060 imekadiriwa wati 170, na 4060 wati 115. Tofauti ya wati 55 kwa saa 8 za kurenda ni uniti 0.44 za LUKU. Kwa siku 25 za kazi ni uniti 11. Si gharama ya kukufanya uache kadi inayofaa, ila wati hizo zote hugeuka joto ndani ya chumba, na chumba kidogo chenye dirisha moja utakihisi.

Sasa pawasaplai, ambayo katika barua yako ndiyo iliyonitia wasiwasi zaidi. Wati 290 hazitoshi kwa yoyote kati ya hizi. NVIDIA hupendekeza wati 550 kwa zote mbili. Utaambiwa kwamba 4060 ya wati 115 itapita tu. Hesabu inaweza kuonekana kukubali, lakini pawasaplai za kompyuta za ofisi mara nyingi hazina kabisa ule waya wa pini 8 ambao kadi hizi huudai, na fundi atakutolea kiunganishi cha kuvuta umeme kutoka kwenye plagi ya diski aina ya SATA. Usikubali. Plagi ile imekadiriwa kubeba wati 54 kwenye volti 12, na plagi ya pini 8 ya kadi imekadiriwa wati 150. Kinachofuata ni plastiki kuyeyuka, na hilo hutokea usiku wakati umelala na kompyuta inarenda. Kabla ya kununua pawasaplai mpya, fungua kasha utazame mambo mawili: plagi inayoingia kwenye ubao mama ina pini 24 za kawaida au ni ya umbo la kampuni iliyoitengeneza, na nafasi ya pawasaplai ina vipimo vya kawaida au ni nyembamba. Zikiwa za umbo lake, utahitaji waya wa kubadilishia plagi na pengine kasha jingine, na gharama hiyo uiingize kwenye bajeti leo. Pima na urefu wa nafasi ya kadi kwa rula, kutoka ukuta wa nyuma hadi kwenye vishikio vya diski.

Kuhusu kuikagua 3060 yenyewe, la kwanza ni jina. Mwaka 2022 yalitolewa matoleo ya RTX 3060 yenye GB 8 na njia ya biti 128, na nje ya boksi yanafanana na haya. Hilo halikufai kwa lolote, kwa kuwa linakuachia kasi ndogo ya kadi ya zamani na ufinyu wa kadi mpya. Weka programu ya GPU-Z, na usome kwa macho yako: GB 12, biti 192, viini 3,584. Programu hiyo pia huonya ikikuta kadi iliyobadilishwa jina.

La pili ni maisha iliyoyapitia. Kadi nyingi za kizazi hiki zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali hadi Septemba 2022, Ethereum ilipoacha mfumo wa uchimbaji, kisha zikamwagika kwenye masoko ya mitumba. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Mara nyingi chipu yake iko salama, na kilichochakaa ni feni na pedi zinazopeleka joto la kumbukumbu kwenye chuma cha kupozea. Kwa hiyo usiulize tu kama inawaka. Zungusha kila feni kwa kidole ikiwa imezimwa, usikie kama inakwaruza au inayumba. Tazama skrubu kama vichwa vyake vimeparuzwa, ujue imeshafunguliwa. Kisha rende faili lako lile la uwanja na miti kwa dakika 30 bila kusimama, maana ndilo litakalojaza zaidi ya GB 9 na kuzigusa chipu za kumbukumbu ambazo jaribio jepesi lisingezifikia. Vikitokea vidoa vya rangi, mistari, au skrini kuzima na kurudi, mrudishie kadi yake papo hapo. Ikimaliza salama, joto lake likatulia chini ya nyuzi 80 na picha ikatoka safi, mwombe risiti yenye namba ya kadi na muda wa kurudisha ulioandikwa kwa tarehe, ndipo ulipe.